Hatua Mia Tatu na Sutie ya Manjano

Hapa mtaani Kimanga watu huniita Mama Mlango, kwa sababu ukinitafuta utanikuta hapo tu, mguu mmoja ndani, mwingine kizingitini, na hata huo wa kizingitini hauna haraka. Nimezaliwa Uvira, nimesoma Uvira, nimezeekea Uvira, na hili ziwa nimelitazama maisha yangu yote kama mtu anavyotazama meza ambayo watu wengine wanakula. Ng'ambo ni Burundi. Taa zake za jioni nazijua kama meno yangu, na siku hizi ni nyingi kuliko meno yangu. Sijawahi kufika. Wajukuu wananitania kwamba siku ya mwisho malaika atalazimika kunifuata nyumbani, nami nawaambia sawa, ila afute miguu. Zamani mtu akiniuliza kwa nini sitoki, nilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo nilikuwa nimelibeba kifuani. Yeyote aliyenitazama mara moja aliliona, akanyamaza. Lilikuwa jibu zuri. Nililitumia hadi lilipochakaa lenyewe na kuanza kuning'inia.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa makamo alipiga hodi, akakunja goti kidogo kama wafanyavyo watu wa Kigoma, akasema, "Shikamoo, mama mdogo. Mimi ni Agnesi, mtoto wa Feza." Nikamwambia karibu. Akasema mama yake amefariki, wiki ya tatu sasa. Nikamwambia pole, nikamuuliza kama anakula maharagwe, maana nilikuwa nimeyabandika muda si mrefu. Ndivyo nilivyo. Kuna watu wakipewa habari ya msiba wanaangua kilio, wengine wanashika kichwa. Mimi huuliza kama mtu amekula. Akakaa kwenye kiti kile cha dirishani, akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa kipande cha kamba ya nailoni, kimekuwa cheusi kwa kushikwashikwa, chenye mafundo matatu. Akakiweka juu ya kitambaa cha meza. "Mama alisema utaijua," akasema. Niliijua. Nilikwenda kwanza kuchochea moto, nikarudi, bado niliijua.

Kamba hiyo ni ya mwaka wa maasi, mwaka wa nne tangu uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na shule ya sekondari ya masista nilikuwa nimeimaliza nusu, kwa sababu masista wenyewe waliondoka kabla ya kutumalizia. Niliishi kwa Mama Mukubwa, dada ya mama yangu, katika nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje, si mbali na barabara ya Kavimvira. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani. Ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, ina maua ya dhahabu ubavuni, na ilifutwa vumbi kabla ya msalaba. Mama Mukubwa alikuwa mshonaji wa nguo za kanisani na sare za shule, na mwaka ule hakukuwa na kanisa la kuaminika wala shule, kwa hiyo alishona viraka. Asubuhi nilisikia cherehani ikilia kama panzi, na nje ya ua wa matete nikasikia majirani wakiulizana chumvi. Mwaka mzima niliusikia hivyo, kupitia matete. "Dada, weye uko na chumvi?" "Chumvi haiko." "Banasema Simba banafika tena leo." "Basi bakuye na chumvi." Siku hao Simba, ndio waasi wenyewe, walipomchukua karani aliyeishi upande wa kulia, nilisikia viatu vyake, kisha nikasikia havipo. Tulikula bugali na sombe ya majani ya mihogo siku hiyo. Nakumbuka sombe ilikosa chumvi.

Waasi walipoushika mji, vijana wao walikuja na mpango kwamba kila asubuhi wasichana na wavulana wote waende uwanja wa mpira kukimbia, ili nchi iwe na afya. Sijui nchi ilipata nini. Mimi nilikimbia hatua nane. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukimbia tangu nilipoanza kuota kifua, na kifua changu hakikuota kama cha watu. Kilikuja kama mafuriko ya mto Mulongwe, kwa siku mbili tatu, na kikabaki. Hatua ya kwanza iliuma, ya pili iliuma zaidi, ya nane nikasimama nimejikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayeokoa watoto wachanga kwenye nyumba inayoungua. Uwanja mzima ulicheka. "Konsolata! Hayo mapapai unapeleka soko gani?" Kiongozi wao, kijana mwenye ngozi ya mnyama begani, alijaribu kukasirika kimapinduzi lakini na yeye akacheka, akaniambia nirudi nyumbani, nchi itapata afya bila mimi. Nilirudi nikitembea polepole. Nilisikia aibu kwa mbali, kama inavyosikika ngoma ya kijiji kingine. Kitu nilichokisikia karibu, nitakisema kwa sababu nimezeeka, ni nafuu. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kubaki nyumbani, mbele ya mashahidi.

Feza ndiye aliyenifuata, na yeye hakucheka. Hapana, alicheka, lakini tulipofika nyumbani. Alikuwa rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mwembamba kama mpini wa kasia, binti wa mzee aliyekuwa akitengeneza nyavu pale Kalundu. Mzee alikwisha kufa, naye Feza akarithi sindano ya mti na kazi. Aliketi kwenye mchanga na wavu mapajani, akitafuta matundu kwa vidole bila kutazama, na huku anaongea. Wavuvi wakubwa walimheshimu. Fundo lake halikufunguka.

"Konso," akaniambia siku hiyo, akiwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa jikoni kwetu, "weye unakimbia sawa kuku iko na yai ndani."

"Minye siwezi kukimbia, Feza. Hii mizigo huioni?"

"Naiona. Uvira yote inaiona." Kisha akashusha sauti. "Lakini utapashwa kukimbia. Sikiliza vizuri."

Akanieleza. Jeshi la serikali lilikuwa linakusanyika kushuka bonde la Ruzizi, na likifika, kila kijana aliyewahi kukimbia uwanjani atahesabiwa mwasi, awe alikimbia hatua elfu au nane. Mjomba wake alikuwa na mtumbwi, ameuficha ndani ya matete karibu na mdomo wa Ruzizi. Siku ikifika atavusha watu kwenda upande wa Burundi, mara moja tu, hatarudi. Njia yote mtu angeweza kuipita mashambani kwa kujificha, isipokuwa kipande cha mwisho: baina ya nyumba za mwisho na matete palikuwa wazi, mchanga mtupu, na waasi waliokataza watu kutoka walikuwa na kituo chao juu ya barabara pale. Feza alikuwa amekipima kwa miguu, akijifanya anaokota kuni. Hatua mia tatu. Lazima zikimbiwe, tena alfajiri, wakati walinzi wanasinzia. "Siwezi kukuacha, na siwezi kukubeba," akasema. "Basi tutafute ile kintu ya kushika hayo maziwa."

Mama Mukubwa alikuwa akisikiliza kutoka chumba cha cherehani. Nyumba ile haikuwa na siri, kuta zake zilikuwa za matope na huruma. Alikuja na sindano mdomoni, akaitoa, akasema neno ambalo ndilo lililonibana kuliko nguo yoyote. "Weye ukienda na Feza, minye napanda Rurambo kwa kaka yangu, nalala mu shamba yake mupaka vita iishe. Ukibaki, nabaki. Siachi mutoto ya dada yangu mu nyumba peke yake." Akarudisha sindano mdomoni. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: watu watatu, na wote wanangoja kifua changu.

Sidiria, ambayo sisi hapa tunaiita sutie, haikuwa kitu cha dukani kwetu. Wake za makarani wachache walikuwa nazo, ndogo, za kuvalia picha. Mimi nilikuwa nimevaa kizibao walichotushonesha masista, cha kitambaa cha amerikani chenye vifungo saba, ambacho nia yake haikuwa kulibeba ziwa la mwanamke bali kulikanusha. Kilinibana hata nikawa napumua nusu nusu, na Jumapili moja, katikati ya Nasadiki, kifungo cha tatu kilitoka kikampiga mzee wa kanisa shingoni. Baada ya hapo nilijifunga kitenge. Kitenge kinashika vizuri hadi utakapoinua mkono. Kisha fulana mbili za kiume, moja juu ya nyingine. Joto la Uvira likanifundisha kwamba fulana mbili ni jiko. Mama Mukubwa alijaribu kushona, lakini alikuwa mtu wa sare. Mikono yake ilijua kola na mifuko, na kila alichonishonea kilikuja kikiwa na sura ya mwanafunzi wa darasa la nne.

Ndipo Feza akaleta ile ya manjano. Kabla ya uhuru alikuwa akifagia pale ufukweni walipoogelea Wazungu, penye vibanda vya kubadilishia nguo. Wiki ile ya uhuru, Wazungu walipokimbilia Usumbura, kule ng'ambo, kwa boti na magari, mama mmoja alikuwa ameanika nguo yake ya kuogelea kwenye kamba na kumwambia Feza asiiondoe, atarudi Jumatatu. Feza aliingoja Jumatatu hiyo miaka minne. Ilikuwa sehemu ya juu tu ya bikini, manjano kama kiini cha yai, vikombe viwili vikubwa vilivyoshonwa kwa ustadi, vyenye mshono wa nusu mwezi chini, na vikamba vya kufungia shingoni na mgongoni. Aliiweka mezani. Mama Mukubwa aliigeuza kwa ncha ya mkasi kama mtu anayegeuza samaki asiyemjua.

"Na ile ingine iko wapi?"

"Njo yote, Mama Mukubwa. Chini kuko na kaingine kadogo."

"Huyu fundi alichoka?"

"Hapana. Njo vile banavalaka mu maji."

"Mbele ya bwana yake?"

"Mbele ya mabwana ya bote."

Mama Mukubwa alifanya ishara ya msalaba, kisha akavuta kiti, akaisogeza kwenye mwanga na kuanza kuusoma ule mshono kutoka ndani. Aliufuata kwa ukucha, tundu kwa tundu. "Huyu alijua," akasema mwishoni. Nilipoivaa, vikombe vilinichukua. Sijui niseme vipi. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kilichoshonwa na binadamu kukubali kwamba nipo. Lakini yule mama alikuwa mtu wa maji, na maji hubeba; nchi kavu uzito wote ulining'inia shingoni kwa kile kikamba, na nilipotembea kuvuka ua mara mbili kikanichora mstari mwekundu kama mtu aliyeponea kunyongwa. Mgongoni nako kulikuwa kwepesi, kunapwaya. Feza akasema kamba ndiyo mbaya, akakata vile vikamba, akaweka uzi wa wavu wa zamani, ule wa pamba uliochemshwa kwa magome ili usioze. Hilo lilikuwa kosa la watu wa ziwani. Uzi ule hauozi kweli, lakini ukipata jasho unatoa rangi na kuwasha kama upupu. Siku nne mgongo wangu ulikuwa wa kahawia na nilijikuna kwenye nguzo ya jiko kama mbuzi. "Angalau," akasema Feza, "samaki hatakuona."

Dawa tuliipata kwa mama mmoja wa Rurambo. Wanawake wa milimani walikuwa bado wanashuka, vita au si vita, na mizigo ya viazi na makaa mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Huyu alipumzika kwenye ua wetu akaomba maji, na Mama Mukubwa, aliyemwona mwanamke kama huyo kila wiki ya maisha yake, siku hiyo ndiyo alimwangalia. Aliuangalia ule mkanda wa gome la mgomba: kwenye paji la uso ulikuwa mpana kama vidole vinne, kisha unaendelea kuwa mwembamba hadi unakuwa kamba pembeni ya mzigo. Akamuuliza, "Mama, uzito unausikia wapi? Mu kichwa?" Yule mama akacheka, akajipiga kiunoni. "Kichwa inashika tu, mzigo usianguke. Mugongo njo inabeba. Ukibebesha kichwa, shingo itavunjika." Akanywa maji yake, akainuka na mzigo ambao mimi nisingeweza hata kuutukana, akaenda zake. Mama Mukubwa alikuwa tayari ameingia ndani.

Usiniulize kwa nini elimu yangu yote ya sekondari haikunifikisha hapo. Uzito hautakiwi shingoni. Unatakiwa chini, kwenye mbavu, na mabega yashike tu. Feza alitoa kipande cha nailoni mpya, ile iliyokuja na boti kubwa za uvuvi, akanisimamisha katikati ya chumba cha cherehani nikiwa na kanga kiunoni tu, akanipima. Hakutumia futi ya Mama Mukubwa. Wavuvi wana njia yao. Alinizungusha kamba chini ya maziwa, mbavuni, akafunga fundo. Akanizungusha mahali nilipojaa zaidi, fundo. Kisha kutoka juu ya bega hadi ubavuni, fundo. "Pumua," akasema. Nikapumua. Akasogeza lile la kwanza nusu kidole. "Sasa weye uko hapa yote," akaniambia, akitikisa kamba mbele ya macho yangu. "Ukipotea, nitaonyesha batu hii." Kamba aliiweka mfukoni. Mama Mukubwa alishona mkanda mpana wa kitambaa kigumu cha drili, vidole vinne, ukazunguka mbavu na kufungwa kwa vifungo vitatu vya sare. Mabegani akaweka mikanda ya vidole viwili. Na Feza akaunganisha mikanda hiyo mgongoni kwa nailoni, ikapishana kama msalaba, kwa fundo lake lile lisilofunguka. Vikombe vya manjano vikabaki katikati ya hayo yote kama mayai mawili ndani ya kofia ya askari. Hakuna kitu kibaya kuliko hicho kilichowahi kushonwa Uvira. Hakuna kitu kizuri kuliko hicho nilichowahi kuvaa.

Tulijaribu mchana, kwenye shamba la mihogo nyuma ya nyumba, Mama Mukubwa akisimama mlinzi na kapu. Feza alisema kimbia, nikakimbia. Nilingoja maumivu kwenye hatua ya kwanza, hayakuja. Kwenye ya nane nikasimama kwa mazoea, kisha nikakumbuka kwamba hakuna sababu, nikaendelea. Kifua hakikuruka, hakikuyumba, hakikubana. Nilipumua pumzi nzima. Nilikuwa kama mtu aliyeazimwa mwili wa jirani, mwepesi, na hajui atarudisha lini. Feza alihesabu kwa sauti akikimbia pembeni yangu, na nilipogeuka mara ya tatu kwenye mhogo wa mwisho akapiga kelele, "Mia tatu! Mia tatu na kumi! Konso, unaenda wapi, tumeshavuka!" Akaanguka chini kwa kicheko. Mama Mukubwa aliweka kapu lake juu ya kichwa na kupiga kigelegele kidogo, cha chini, cha wakati wa vita. Nami nikasimama pale kati ya mihogo, sina jasho hata, na kitu kikashuka ndani yangu taratibu kama jiwe kisimani. Nilikuwa naweza. Sikuwa na jibu tena.

Siku tatu baadaye habari ilikuja kwamba jeshi limefika kwenye bonde. Feza alipita jioni, akasema alfajiri, jogoo wa kwanza. Mama Mukubwa alifunga furushi lake la Rurambo: kanga mbili, rozari, sufuria. Tulikula samaki mmoja, mukeke, tukagawana hata kichwa, na Mama Mukubwa akanipa sehemu yenye mafuta, akasema anayekimbia ndiye anayekula. Usiku nililala vizuri. Ningependa kuandika kwamba sikulala, ingekuwa heshima zaidi. Niliamka kabla ya jogoo, nikavaa, nikafunga vifungo vitatu, nikasimama katika chumba cha cherehani. Mwanga ulikuwa wa majivu. Niliona meza, kiti, vipande vya vitambaa kwenye kikapu, maua ya dhahabu kwenye ubavu wa cherehani, chungu cha maharagwe yaliyolowekwa ambayo hakuna atakayeyapika. Sikuogopa, au kama niliogopa hofu haikunijulisha. Niliyatazama tu yale maharagwe. Kisha nikaivua sutie, nikachukua mkasi mkubwa wa Mama Mukubwa, nikakata nailoni ya mgongoni. Ilitoa sauti ndogo sana. Nikaurudisha mkasi kwenye msumari wake.

Feza alipogonga nilimfungulia nikiwa na kanga kifuani na ile sutie mkononi. "Imekatika," nikasema. "Nimeivaa tu, ikakatika."

Aliichukua. Aliishika ile ncha ya nailoni kati ya kidole gumba na cha shahada, akaizungusha, kama alivyofanya maisha yake yote kwenye mchanga wa Kalundu. Nyuma yangu nilisikia Mama Mukubwa akiweka chini furushi lake. Feza alinitazama. Hakuwa amekasirika. Akasema, "Nailoni ya siku hizi haiko na nguvu." Akanirudishia sutie mkononi, akanikunjia vidole juu yake. "Bakia muzuri, Konso." Akaenda. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, nikihesabu. Nilihesabu hadi mia tatu, nikahesabu tena. Hakukuwa na mlio wa risasi. Nikaenda kuwasha moto.

Jeshi lilifika siku ya nane. Walipita nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa chini ya kitanda, nyuma ya magunia, na hawakunitafuta, walitaka vitu. Waliichukua cherehani. Mama Mukubwa aliwafuata hadi barabarani akiwaambia ni ya kanisa, ni ya sare za watoto, na mmoja wao akamgeukia akampiga mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki, si kwa hasira, kama mtu anayefunga mlango. Mifupa iliunga vibaya. Hakushona tena. Aliishi miaka kumi na minne baada ya pale na hakuniambia neno moja juu ya Rurambo, ila tu kila nilipomkatia nyama kwenye sahani alisema asante, na nilimkatia nyama miaka kumi na minne. Ile sutie niliitumia kufutia taa hadi ikaisha.

Kitu kimoja tu kilinisumbua maisha yangu yote, na hakikunisumbua kila siku, nisijisifu. Kilikuja kama baridi yabisi, msimu kwa msimu. Feza alikuwa mfunga nyavu. Nailoni iliyokatika, kwake, ilikuwa kazi ya pumzi mbili. Angeifunga pale pale mlangoni, akiwa amesimama, bila kutazama. Kwa nini hakuifunga? Nilijiambia alikuwa na haraka. Nilijiambia kulikuwa na giza. Miaka ile ya mwanzo alinitumia salamu kutoka Burundi, kisha kutoka Kigoma alikoolewa, kila mara na mtu anayepita, na kila mara salamu ilikuwa moja: Konso, bado natafuta saizi yako. Nilicheka nikafikiri ni utani.

Agnesi alitoa kitu cha pili kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa sehemu ya juu ya bikini, mpya, ya buluu, yenye mkanda mpana chini na mikanda inayopishana mgongoni. "Kila soko alilokwenda alikuwa na hiyo kamba," akasema. "Anaitandaza juu ya meza ya watu, anapima, anakataa. Wauzaji wa mitumba Kigoma walikuwa wanamkimbia. Hii aliipata mwaka jana. Alisema ndiyo yenyewe." Niliipima kwa macho. Ilikuwa saizi ya msichana wa miaka kumi na tisa anayekimbia kwenye mihogo. Mimi wa sasa ningeweza kuhifadhi ndani yake vitunguu.

"Nzuri," nikasema.

"Mama mdogo, arobaini ya mama ni mwezi ujao. Nimekuja kukuchukua. Boti inaondoka Kalundu Alhamisi, tutalala njiani, siyo mbali." Akaiokota ile kamba mezani. "Alitaka uje."

"Ningekuja, mwanangu," nikasema. "Ila goti. Goti hili la kulia limekufa kabisa, hata kanisani naenda kwa shida."

Agnesi aliliangalia goti langu. Aliliangalia muda mrefu kidogo kuliko goti linavyostahili, na kidole chake gumba na cha shahada vilikuwa vimeshika ncha ya ile kamba, anaizungusha. Niliijua ile namna. Ndipo nikamuuliza, baada ya miaka yote, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Mama yako aliwahi kusema kwa nini hakuifunga? Ile siku. Ilipokatika."

"Alisema haikukatika. Nailoni ikikatika yenyewe inatoa ndevu, inavutika kwanza. Ile ilikuwa laini kama imekatwa na mkasi." Alisema bila ubaya, kama anasoma barua ya mtu mwingine. "Nami nilimuuliza hivyo hivyo, mama mdogo: kwa nini hukuifunga, ukamchukua? Akacheka. Akasema, 'Ningeifunga, angeikata tena.'"

Nilitazama dirishani, ziwa lilikuwa mahali pake. Nilingoja kitu kinipate, kilio au aibu, hata kikohozi. Kilichokuja ni harufu. Maharagwe yalikuwa yamekauka maji, yanaanza kushika chini. Nikasema, "Yesu wangu, mboga!" na nikatoka kwenye kiti, nikavuka chumba, nikashuka ngazi mbili za nyuma, nikaukata ua wote mbio hadi jikoni.

Sufuria ilikuwa tayari mikononi mwangu, na Agnesi mlangoni anacheka kicheko cha mama yake, ndipo nikalikumbuka goti.